Mapira ya Upepo na Nyumba ya Yunisi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Yunisi hajarudi. Mwezi wa pili huu mke wangu yuko Itigi kwa mama yake. Leo asubuhi baba mdogo Eliya amekuja kuniambia kikao kimepangwa Jumamosi, huko huko Itigi, na nitaulizwa swali moja tu: nyumba iko wapi. Nikijibu vizuri narudi na mke. Nikijibu vibaya narudi na baba mdogo Eliya.

Jibu ninalo. Limeegeshwa uani. Pikapu langu, na mgongoni kwake nyumba! Fremu ya chuma, kuta za bati, sakafu ya mninga, kitanda cha tano kwa sita, jiko la gesi, dirisha lenye pazia la maua. Mwaka jana nilimwona mzungu hapa Shelui na gari la namna hiyo, kakaa mlangoni anakunywa chai, hana mwenye nyumba wa kumgongea. Sisi tumepanga vyumba viwili nyuma ya stendi ya malori tangu tulipooana. Nikasema, hii ndiyo akili. Matofali ya kuchoma niliyokuwa nimeyapanga kiwanjani kwa ajili ya kujenga nikamuuzia jirani Calist. Yunisi aliyaona yanapakiwa. Kesho yake akapanda basi la asubuhi. Nilimbebea begi mimi mwenyewe hadi stendi, nikijua anakwenda kusalimia.

Tatizo ni moja. Nyumba ni nzito. Pikapu limechuchumaa nyuma, pua iko juu, taa zinamulika angani. Jana usiku madereva watatu wa malori wamenitukana kwa honi. Siwezi kufika ukweni na gari lililochuchumaa.

Jumanne, 17 Juni

Kwa fundi Kombo, gereji. Nimeketi juu ya ringi tangu saa mbili. Kombo anajua kila kitu na hupenda ujue kwamba anajua. Akasema nina njia tatu. Ya kwanza, kuongeza springi za bapa kila upande, mchezo umekwisha. Ya pili, mapira mapya ya upepo, yale ya kufunga kati ya ekseli na chesisi, ukiyajaza gari linanyanyuka. Lakini hayo ni ya kuagiza Dar na hayatafika kabla ya Jumamosi. Ya tatu hakutaka kuitaja. Nikambana. Akakiri kwamba kwa muuza vyuma chakavu kuna mapira mawili ya upepo yaliyotolewa kwenye basi lililokufa.

Springi nimezikataa hapo hapo. Gari lenye springi nyingi linarusha. Mke wangu si gunia la alizeti.

Tulikwenda kuyaona mapira ya basi. Makubwa, meusi, yana mikunjo kama shingo ya mzee. Nikayapenda. Sikuuliza basi lilikufaje.

Ndipo akapita Calist. Huyu ni dereva wa lori, na kila anachokigusa kinamnyookea. Viatu vyake vilikuwa na saruji mbichi. Anajenga. Hakuna aliyemuuliza kitu, lakini alisimama, akatafuna muwa wake, akasema kila pira liwe na paipu yake na valvu yake. Ukiyaunganisha, alisema, ukikata kona upepo wa upande unaolemewa utakimbilia upande wa pili na gari litalala. Akatema makapi akaenda zake.

Nilikuwa bado sijaamua. Baada ya hapo nikaamua. Paipu moja, valvu moja, mapira yameunganishwa! Kombo aliuliza kwa nini. Nikamwambia mume na mke hawawi na upepo mbalimbali. Akachukua spana.

Alhamisi, 19 Juni

Yamefungwa! Nimekwenda kwa fundi pancha, tumechomeka mpira wa kujazia upepo, na nyuma ya gari ikaanza kunyanyuka taratibu, kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa ndefu. Nilitokwa machozi kidogo. Vumbi.

Fundi pancha akasema inatosha. Nikamwambia aongeze. Akasema imetosha kweli. Nikamwambia mwenye gari ni nani. Sasa nyuma iko juu kuliko mbele na taa zinamulika mita mbili tu mbele ya tairi. Naona siafu vizuri sana. Barabara siioni.

Nikapitisha gari mbele ya ujenzi wa Calist, polepole, aone. Hakuwapo. Ukuta wake umeshapita madirisha. Matofali yangu! Kuna moja kwenye pembe lina alama ya kwato. Siku tuliyofyatua, mbuzi wa jirani alikanyaga tope bichi, na Yunisi akacheka mpaka akakaa chini, akasema hilo tuliweke mlangoni ili wageni wajue wenye nyumba ni akina nani. Calist ameliweka kwenye choo.

Nilisikia uchungu. Nikapiga honi, nikaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Safari. Mbele: mimi na baba mdogo Eliya, msemaji wa upande wetu, kavaa koti la kanisani. Nyuma, ndani ya nyumba: mbuzi wa kuombea radhi.

Kona ya kwanza ya mlima Sekenke. Nyumba ikalala upande wa kushoto, ikabaki imelala. Upepo wote ulikuwa umehamia pira la kulia. Kona ya pili ukarudi, tukalala kulia. Nikasikia mbuzi anapita nyuma yetu kutoka ukuta hadi ukuta, na kila akifika anagonga. Baba mdogo Eliya alianza kusali kwa Kiswahili. Kona ya tatu akahamia Kinyiramba. Lori lililokuwa nyuma yetu lilizima mziki.

Ni upepo wa mlimani tu, nilimwambia. Akajibu kwamba miti haitikisiki.

Misigiri tukasimama nikafungua mlango. Mbuzi alikuwa juu ya kitanda. Pazia la maua alishalila nusu. Godoro lilikuwa limelowa na si kwa maji. Baba mdogo Eliya alichungulia, akasema yeye atamalizia safari kwa basi. Nikamkumbusha kwamba hata mabasi yanatembelea mapira ya upepo. Akasema anayaamini yale ambayo bado yako hai. Nikambembeleza kwa soda mbili na mkate mzima, akapanda tena akiwa amefumba macho. Aliyafumbua Manyoni.

Tumelala Manyoni. Yeye gesti, mimi kwenye nyumba yangu. Nimegeuza godoro. Upande wa pili nao ulikuwa umelowa. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango na kumfikiria Yunisi. Alikuwa na kawaida ya kuniambia nile kabla chakula hakijapoa, hata nikiwa nimemkosea. Sasa nakula mkate mkavu na hakuna anayejali umepoa au la. Nina huzuni, nasema wazi, humu hakuna anayesoma.

Jumamosi, 21 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Usiku upepo ulivuja. Tuliingia Itigi gari limechuchumaa vile vile kama siku ya kwanza, na zaidi limeinamia kushoto. Ukoo wote wa Yunisi ulikuwa umekaa kwenye viti. Shikamoo zangu zilipokelewa, lakini kwa ufupi. Yunisi alikaa nyuma ya mama yake. Amekonda. Hakuniangalia.

Baba mdogo Eliya alizungumza vizuri. Akafika kwenye swali. Nikasimama, nikanyoosha mkono, nikasema nyumba hii hapa.

Kuku alipita.

Nikaona hawajaelewa. Nikafungua mlango, nikatandaza shuka juu ya lile godoro, na kwa heshima zangu zote nikamkaribisha mama mkwe aje aingie, akae, aone mwanawe atakapoishi.

Mungu wangu. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga akageuka. Wanawake wakapiga kelele. Mzee mmoja aliinuka akaondoka na kiti chake. Baba mdogo Eliya alishika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo nilipokumbuka kile ambacho kila mtoto wa Singida anakijua: mama mkwe hatii mguu kwenye chumba anacholala mkwewe, sembuse kukaa kwenye kitanda chake. Na nyumba yangu haina chumba kingine. Kuanzia kizingiti hadi ukuta wa mwisho ni chumba cha kulala! Nimejenga nyumba ambayo mama mkwe wangu hataweza kuingia mpaka afe.

Shemeji Joshua, kaka yake Yunisi, aliuliza mama akija kuona wajukuu atakaa wapi. Nikasema kiti cha mbele kipo, kina mkanda. Sikuwa natania. Walidhani natania.

Mbuzi alichukuliwa kufidia aibu hiyo. Kwa hiyo kikao chenyewe kikabaki hakina mbuzi, na baba mdogo Eliya akalazimika kuomba radhi mikono mitupu.

Mwisho wakampa Yunisi nafasi ya kusema. Alisimama. Alizungumza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema hakuniomba kasri wala vigae. Alisema, "Zefania, ukifa, msiba utakaa wapi? Niwaambie watu wafuate gari?"

Hakuna aliyecheka.

Kisha akasema maneno mengine, na haya nayaandika yote. Nikianza msingi, msingi tu, hata kama kuta hazijapanda, siku atakayosikia nimeanza kupanga mawe atapanda basi mwenyewe. Kikao kikakubali. Wakasema nimepewa nafasi ambayo sikustahili. Baba mdogo Eliya akasema amina kwa sauti kubwa mno.

Jumapili, 22 Juni

Muujiza, kwa maneno ya baba mdogo Eliya. Baada ya ibada alikuja mrina asali mmoja, bwana Mughwai, mtu mkubwa wa maneno machache. Ana mizinga mingi ndani kwenye vichaka na wakati wa kurina hulala chini pamoja na nyoka. Akalizunguka gari mara kadhaa. Akapanda, akalala kitandani, akashuka. Akasema harufu haimsumbui. Akasema nimwachie lile sanduku la mgongoni na mapira yake, pikapu nibaki nalo, naye atanishushia Shelui lori la mawe, saruji, matofali na bati za kutosha vyumba vitatu. Wiki hii hii.

Baba mdogo Eliya alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. Joshua akasema ni Mungu huyo. Yunisi alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji. Alisikia kila neno. Aliniangalia, mara ya kwanza tangu nifike, na lile jicho nalijua, ndilo alilokuwa nalo siku ya tope na mbuzi. Akaingia ndani akanitolea uji na mimi. Akaniambia ninywe kabla haujapoa.

Nilimwambia Mughwai anipe hadi Jumanne nitafakari.

Baba mdogo Eliya akauliza nitafakari nini. Mambo makubwa yanataka utulivu.

Jumanne, 24 Juni

Nimerudi Shelui. Peke yangu. Baba mdogo Eliya alipanda basi, akasema hata kama ni la kusimama.

Nimetafakari njia nzima, na kushuka Sekenke nimetafakari kwa nguvu zaidi. Nimeona mambo ambayo wale wote hawakuyaona. Mughwai ni mtu mwenye akili, anajulikana hadi Singida mjini. Akitamani kitu, kitu hicho ni cha maana. Sasa kama ni cha maana, nimpe kwa nini? Hapo ndipo watu wengi wanapopunjwa.

Kosa halikuwa nyumba. Kosa lilikuwa mambo mawili madogo. Kwanza, mapira yalikuwa nyuma tu. Nikifunga na mbele, gari zima litapanda sawasawa, na litaonekana nyumba hasa. Pili, mama mkwe alikosa pa kukaa. Nitaongeza sebule. Chumba kidogo cha bati kinachoning'inia nyuma, kiti kimoja, mlango wake pembeni, asikione kitanda kabisa. Uzito utaongezeka, hilo najua, mimi si mtoto. Nimeshaongea na muuza vyuma chakavu. Kuna trela imekufa, mapira yake ni makubwa mara mbili ya yale ya basi.

Kombo amekataa kufunga. Amesema ana familia. Nitamtafuta fundi mwingine.

Saa kumi nimempigia Mughwai nikamwambia siuzi. Akasema ataniombea. Mtu mzuri, ila amekosa bahati.

Calist ameanza kuezeka. Nyundo zinanipigia kichwani tangu mchana.

Jioni nimemtumia Yunisi ujumbe mrefu. Nimemweleza kila kitu, sebule ya mama, mapira ya mbele, kila kitu, na kwamba haina haja ya msingi kwa sababu upepo utabeba. Nikamwambia nikimaliza nakuja kumchukua.

Tiki mbili zimegeuka bluu. Amesoma. Saa tatu sasa hajajibu.

Bila shaka anafunga mizigo.