Kuhusu Mnyama Niliyekataa Kumtaja

Kwa Daktari Siviwe,
Kliniki ya Kiharusi, Lusikisiki.

Mwanangu Daktari,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima pia, na hilo ndilo tunalogombania.

Jumanne ulinipima akili baada ya kiharusi changu, ukamwambia mwanangu Lunga, "Mama asikae peke yake tena." Sasa Lunga anataka kunihamishia kwake Durban, ghorofani, ambako hakuna kuku wangu wala kaburi la mume wangu. Sitaki. Kwa heshima zote, naomba unirudishie alama zangu, kwa sababu hizi:

1. Ulinipa maneno matano nikutunzie, punde ukayadai. Maneno ni yako. Ukiyasahau wewe, mbona anayeandikwa mgonjwa ni mimi?

2. Ulitaka nitoe saba kwenye mia, kisha saba tena, na tena. Kwetu anayechukua saba saba bila kusema anapeleka wapi tunamwita mwizi wa kuku. Nilinyamaza nisishirikiane naye.

3. Saa niliichora vizuri. Namba zote niliziweka upande wa kulia kwa kuwa mkono wangu wa kushoto ni mgonjwa, na mgonjwa habebeshwi mzigo.

4. Hili ndilo lililoniuma. Ulinionyesha picha ya yule mnyama mwenye manyoya shingoni, ukauliza, "Huyu nani, mama?" Nikajibu, "Yule wa kunguruma." Ukanikata alama! Daktari, wewe ni Mxhosa kweli au uliokotwa? Mke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Miaka yote ya ndoa nimemzunguka mnyama huyo kwa adabu, leo adabu imekuwa ugonjwa. Ungenichorea ndovu, ningemtaja kabla hujainua kalamu.

Kwa hiyo naomba maneno yako kwa Lunga yafutwe, kisha upimwe wewe adabu. Mpimaji niwe mimi.

Nisalimie mama yako, pia yule muuguzi mwenye sauti ya tarumbeta, na mlinzi wa getini aliyenishikia kikapu.

Ni mimi, mwenye akili zangu zote,
Nosakhele Ntshobane (MaBhele)

N.B. Wifi yangu Nomvuzo ameisoma barua hii, akacheka hadi akashika mbavu. "MaBhele, baba yangu aliitwa Zindlovu! Ndovu ndiye wa kumkwepa. Huyo wa kwenye picha si mkwe wako!"

Basi nisamehe kwa ndovu niliyemtaja hapo juu.

Na Daktari, Lunga asisikie: huyo mwenye manyoya shingoni anaitwa nani? Tangu Jumanne namwona hadi meno, jina lake silipati. Naogopa, mwanangu.