Mkandaji wa Punda wa Matongo

Kassian alikuwa amefukuzwa kazi tatu na vyumba viwili vya kupanga, lakini ulimi wake haukuwahi kukosa ajira. Siku hiyo alisimama kando ya barabara pale Matongo, amevaa koti jeupe la daktari (alilinunua mnadani, msiulize), akitazama kwenye simu Mzungu mmoja akimkanda farasi mgongo. Alipoinua macho akamwona mzee Waitara anamchapa punda aliyelala chini na viroba viwili vya mawe ya dhahabu. Riziki hiyo!

"Shikamoo mzee. Huyo hajagoma. Misuli imekaza."

"Marahaba. Misuli gani? Huyu ni mvivu kama shemeji yangu."

"Farasi wa Ulaya wanakandwa kila siku, ndiyo maana wanaruka kuta. Nipe siku saba tu, atabeba viroba sita."

Sita! Waitara, Mungu amsamehe, palepale akampa mkono mbele ya mashahidi na kuahidi ng'ombe wake, mtamba wa kijivu. Na mtamba huyo, jamani, ndiye aliyekuwa auzwe Januari ili binti yake Precious aende chuo cha uuguzi. Mkewe, Regina, aliposikia alikaa chini.

"Baba Precious, umetoa masomo ya mtoto kwa mgongo wa punda?"

"Nimeshatoa neno mbele za watu. Siwezi kulirudisha."

Regina akalia, akajifuta machozi, kisha akabandika maji ya uvuguvugu. Tangu asubuhi ile, kila Kassian alipofika alimletea bakuli. "Chovya mikono, daktari. Mikono ya baridi itamshtua mnyama." Kassian alipenda sana kuitwa daktari, akachovya.

Akakanda siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Punda alifumba macho, akaguna, akamlamba vidole kimoja kimoja.

"Unaona, mzee? Ananishukuru."

Waitara alikuwa akifuta chozi la furaha.

Siku ya sita asubuhi Kassian akakohoa kitaalamu. "Mtamba aondoke leo. Punda akimwona mwenzake anakula bure, misuli yake inakata tamaa."

"Kweli kabisa," alisema Waitara. Tamaa ni ugonjwa, na hakuna zahanati inayoutibu.

Regina hakubisha. Alileta bakuli kama kawaida. "Chovya ya mwisho, daktari, umuage mgonjwa wako." Kassian akachovya, akampapasa punda shingo, akashika kamba ya mtamba na kuanza safari ya Bomani, alikokuwa na mchinjaji anayemsubiri.

Hajapita hata shamba la mwisho akasikia kwato nyuma. Punda! Akamfukuza, akamtupia udongo, wapi! Punda akaja kumlamba mkono. Na kule nyumbani, juu ya jiwe kubwa, Regina alikuwa ameshapiga yowe: "Punda wetu ameibiwa!"

Huku Tarime ukimtapeli mtu utaitwa mjanja, lakini yowe la mifugo halina mjanja. Wanaume walitoka na fimbo, Nyamhanga wa sungusungu akiwa mbele ameinamia nyayo za kwato. Nyayo zinapoishia ndipo mwizi alipo, na ziliishia kwa Kassian.

"Mtamba ni wangu! Nimelipwa!"

"Mtamba hatukuulizi, mzee Waitara hapa anakiri alikupa. Punda umepewa na nani?"

"Ananifuata mwenyewe!"

Wanaume walicheka mpaka wakaegemea fimbo zao. Kisha wakaacha kucheka.

"Mura, kijana wangu," alisema Nyamhanga polepole, "umewahi kuona wapi punda anamfuata mtu bila kuchapwa?"

Fimbo zikainuka. Regina akajipenyeza katikati, anahema. "Jamani, daktari ni mtu mwema. Nadhani alitaka kuniachia mtamba wangu. Akiniachia, nitakumbuka kuwa punda alikata kamba."

"Chukua, mama! Chukua na kamba yake!"

"Na viroba vyangu sita je?" akauliza Waitara.

"Punda atabeba viwili. Vinne utabeba wewe," mkewe akamjibu.

Watu wakaanza kutawanyika. Kassian akamsogelea Regina. "Mama, niambie ukweli. Huyu punda amenipendea nini?"

"Lamba mkono, daktari."

Akalamba. Chumvi tupu, na mkono wa pili punda alikuwa bado hajaumaliza.