Chandarua cha Malkia

Jumatatu, 3 Machi
Nimemficha binti yangu jambo. Chandarua changu hakiko kwa fundi. Kimefunika mzinga wa nyuki nyuma ya jiko, juu ya miti minne. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Sina cha kumwachia binti ila mzinga huu, na malkia wake mpya bado mwali. Hataolewa na madume wa mizinga ya shemeji, jirani yangu, ng'o! Nilipomposa dada yake, shemeji alisema damu ya kuja haifai. Marehemu mke wangu akanifuata hivyo hivyo. Sasa ni zamu yangu kukataa posa.

Alhamisi, 6 Machi
Mbu wamenila usiku kucha. Binti kauliza huyo fundi anashona chandarua au suti ya harusi. Nikakohoa. Kikohozi nacho kina faida zake.
Alasiri, saa ya madume kuruka, nikakaa kusubiri ndoa. Malkia akajigonga kwenye wavu, akarudi ndani. Madume wa mzinga, kaka zake wote, wakakaa kitako kama wageni wanaongoja sahani. Nyuki huoana juu angani. Chandarua changu kinanifika kidevuni. Nilijua. Nilidhani atanihurumia.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kachungulia ukutani. Kauliza nyuki nimewafuga au nimewafunga. Kisha akanisomesha! Eti malkia huolewa na madume kumi na zaidi, wa mizinga mbalimbali, na watoto wa baba wengi ndio wanaohimili maradhi. Akizaa na kaka zake, sega hujaa mapengo. Nikamuuliza kayatoa wapi. Kasema kayatoa kwangu: ndiyo niliyokuwa nikimhubiria mezani kwa dada yake kila alipokuja kula.

Jumanne, 11 Machi
Nimepanda kiti kurefusha miti. Nimeanguka. Aliyenibeba ni shemeji, akihema kuliko mimi, akisema nimekuwa mwepesi kama dume baada ya harusi. Dume wa nyuki akishaoa hufa papo hapo. Utani gani huo kwa mgonjwa!

Jumatano, 12 Machi
Malkia kajigonga tena. Akizidi kukaa bila kuolewa, atazaa madume watupu na mzinga utakufa. Binti atarithi sanduku tupu. Siku zinayoyoma, za malkia na zangu.
Alasiri nilitoka kidogo uani. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 12 Aprili
Ushindi! Sega limejaa watoto, halina pengo hata moja; mapengo yote yako kinywani mwangu. Nimemwita shemeji ashuhudie kazi ya chandarua. Kawatazama nyuki wachanga: weusi, wa kahawia, wenye viuno vya njano kama wa kwake. Kauliza hiyo njano imetoka wapi. Nikasema kwa bibi mzaa bibi yao. Kacheka mpaka kaketi chini. Binti naye kacheka. Ana kicheko cha mjomba wake na pua yangu.

Leo nimeshindwa kusimama. Nimemwagiza binti chandarua kingine, kirefu zaidi, kwa ajili ya malkia wa mwaka ujao. Kasema sawa, baba. Nimesisitiza kishonwe hadi chini kabisa, kisiwe na pindo la kuinuka. Hiki cha zamani, alasiri ile, pindo nililiinua mimi.