Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Bafu Siku ya Kuzindua Maungio Meupe ya Vigae

Mheshimiwa Mlezi wa Ngazi na Korido. Mheshimiwa Katibu wa Kamba za Kuanikia. Mama mwenye nyumba, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo. Wapangaji wenzangu wa juu na wa chini. Watoto mliokalia ndoo. Na wewe dada yangu muuza samaki, uliyesimama hapo mbele na taulo begani na magamba mikononi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, Kamati itaunda kamati. (Makofi ya mtu mmoja. Kumbe alikuwa anaua mbu.)

Ndugu wapangaji, nasimama mbele ya mlango wa bafu letu la pamoja, ambao kwa busara zangu niliupiga kufuli, nikiwa na furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba ile projekti kabambe ya kusafisha na kutunza maungio ya vigae, yaani ule ufito wa saruji kati ya kigae na kigae, ambao sisi wa menejimenti tunauita grauti, na ambao ulikuwa mweusi tii kwa ukungu, sasa imefikia hatua ya uzinduzi. (Muuza samaki: "Fungua mlango basi! Saa kumi naenda kutambulishwa kwa wakwe, na nanuka soko zima!")

Hoja yako nimeipokea, dada yangu, kama changamoto. Lakini tusikurupuke. Kuna watu humu, sitaki kuwataja, waliodai kazi hii ni ya mswaki mkuukuu na sabuni ya unga: unasugua, unasuuza, unaacha dirisha wazi ukuta ukauke. (Bibi wa ghorofani: "Ni mimi! Na mswaki nilikupa!") Ahsante, bibi, mswaki ule upo, unatumika kimkakati. Ila kusugua bila fizibiliti, bila semina elekezi, bila kushirikisha stekiholda wote, wakiwemo mende, huko ni kujichosha tu. (Kicheko. Mwenyekiti anadhani ni cha pongezi.)

Takwimu zinajieleza zenyewe. Tangu nifunge bafu hili, ongezeko la uchafu kwenye maungio ni sifuri. Povu lililoganda ukutani, sifuri. Malalamiko ya maji kukatika mtu akiwa na sabuni machoni, sifuri. Asilimia tisini na tisa yenu sasa mnaoga kwa kopo nyuma ya jengo, jambo lililodumisha ujirani mwema. (Fundi cherehani: "Ujirani gani? Sasa namjua mwalimu mpaka kovu la pajani!") Asilimia moja iliyobaki nitaifafanua baadaye.

Sasa tazameni picha hii kubwa niliyoibandika mlangoni. Maungio yanang'aa! Vigae vinachekeana! Weupe huu hauji hivihivi, unaletwa na uongozi wenye maono, yaani mimi. (Umati unasogea. "Eee!" Muuza samaki: "Kweli yamependeza. Haya, mwenyekiti wangu, nihurumie. Nikienda hivi, mchumba sina.")

Semeni nami: Maungio meupe! (Umati: "Maisha meupe!") Kopo! (Umati: "Lirudi jikoni!")

Kwa kumalizia, naishukuru Kamati, ambayo ni mimi. Nalishukuru kufuli, ambalo ufunguo wake nilishaupoteza. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama mkwe wangu, nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa kuturuhusu kulipiga picha bafu lake, kwani hili letu halijaguswa, na kwa kunikaribisha kuoga kwake kila asubuhi kwa niaba yenu. (Ndoo inaanguka.)

(Muuza samaki: "Umesema nyumba ya tatu?" Anabana taulo kwapani na kutoka mbio. Bibi anafuata, kisha fundi cherehani, kisha mwalimu na kopo lake, kisha jengo zima.)

Jamani! Itifaki! Ndugu wapangaji, mama mkwe wangu ni mtu mkali! Angalau foleni ianzie nyuma yangu!

(Nyumba ya tatu maji yanasikika yakimwagika, na muuza samaki anaimba kwa sauti. Mama mkwe anachungulia dirishani: "Karibuni, wanangu, ogeni wote, msione haya. Na huyo mkwe wangu mwambieni aache kupiga kelele huko. Aje na mswaki wake, mkimaliza asugue maungio kama kawaida yake.")