Bastola ya Kumpokonya Shemeji Kisu

Jumatatu, 11 Novemba

Mama mkwe wangu, Ardith, ametangaza mezani kwamba klabu ya shabaha imefungua kundi la wanaoanza kwenye mashindano ya Jumamosi tarehe 23. Zawadi ni ileile: bata mzinga mzima. Desturi ya nyumba haibadiliki, alisema. Anayemleta bata ndiye anayeshika kisu cha kumkata mezani Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya tarehe 28.

Ni miaka tisa tangu nioe katika familia hii ya Missouri. Miaka sita ya mwisho kisu amekishika shemeji yangu Verlin. Hukata polepole, hutoa hotuba, kisha huniwekea shingo kwenye sahani. "Shingo ndiyo tamu, shemeji." Si tamu.

Verlin ni mkongwe wa shabaha, haruhusiwi kundi hilo. Mimi sijawahi kushika bastola. Kwa mara ya kwanza ujinga wangu una faida. Mke wangu Lorna ameuliza nitapiga kwa kutumia nini. Nimemjibu: kesho kutwa, dukani.

Jumatano, 13 Novemba

Mzee Thurman, mwenye duka la silaha, amenishauri nisinunue leo. Niende uwanjani kwanza, nikodi tatu nne, nione ipi inakaa mkononi. Kwa anayeanza yeye angechukua ile ya risasi ndogo, kipimo cha ishirini na mbili. Akaitoa: ya chuma, ndefu, nzito, imechakaa mpini. Kama kipande cha bomba la maji.

Miaka ishirini na minane nimeripoti habari za wilaya hii. Namjua mfanyabiashara anayetaka kuondoa mzigo uliomlalia.

Nimechagua nyingine. Nyepesi kuliko simu yangu, inaingia mfuko wa shati. Hesabu rahisi: bastola ndogo hurudisha teke dogo mkononi. Mzee aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Fomu ya kumkagua mnunuzi ikajazwa, jibu likarudi kwa dakika kumi. Serikali haina pingamizi nami.

Lorna amesema inafanana na kiberiti cha gesi. Pia kaona kidole changu kidogo kinaning'inia hewani, hakina pa kushika. Nimemwambia ndiyo mitindo ya kisasa.

Ijumaa, 15 Novemba

Uwanjani. Risasi kumi, hatua kumi. Karatasi haina tundu. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada inalo, bastola iliiuma ikirudi nyuma.

Jolene, mkufunzi wa klabu, ameeleza kwamba uzito wa bastola ndio unaolimeza teke. Nyepesi haimezi chochote. Yote inamkabidhi mshikaji. Nimerudia daftari langu la kazini, ukurasa wa Jumatano. Mzee Thurman alisema hivyohivyo. Nilinukuu neno kwa neno na kupiga mstari chini yake.

Verlin alikuwa akipiga kituo cha pili. Akaitazama karatasi yangu. "Shemeji, hiyo irudishe tu dukani. Bado mpya."

Jumatatu, 18 Novemba

Kosa limepatikana: uzito. Nimebadilishana ile ndogo na rivolva, bastola ya silinda ya matundu sita, nzito kuliko zote dukani. Mzee Thurman amekiri uzito upo, ila risasi zake ni za kuulia dubu. Nikamjibu kwamba bata hatajua tofauti.

Lorna alikuja nami. Akaishika ile chakavu ya ishirini na mbili. Vidole vyote vitano vikapata mahali. Mzee amemwazima hadi mashindano yaishe. Sikupinga. Atakuwa na la kufanya wakati najifua.

Jumatano, 20 Novemba

Jolene amenifanyia hila. Alijaza rivolva yangu mwenyewe, akaacha tundu moja la silinda bila risasi na bila kusema lipi. Nikafyatua. Mara ya tatu haikulia, lakini mtutu uliinama wenyewe hadi chini, kama mtu anayesinzia kanisani. Akasema nauogopa mlio kabla haujatokea. Verlin alilazimika kukaa chini kucheka.

Matundu ya Lorna kwenye karatasi yanafunikika kwa kisosi. Nimemweleza kwamba ni bahati. Jolene amemwandikisha. Vizuri. Kila mashindano yanahitaji wa kushindwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Matokeo, kwa mujibu wa mwamuzi: nimepiga sita, imeingia moja, kwenye karatasi ya Lorna.

Karatasi yake ikawa na matundu saba. Waamuzi wakajadili. Verlin akawasaidia: matundu sita ya ukubwa wa kalamu, moja la ukubwa wa ngumi, wanafamilia wanajua la nani. La kwangu likafutwa. Lorna mshindi wa wanaoanza. Kwenye kundi la wakongwe, Verlin kapitwa na daktari wa meno wa wilaya jirani. Karudi mikono mitupu.

Kwa hiyo bata mmoja tu ameingia katika familia, na amelala katika friji yangu. Mali ya mke na mume ni moja. Nimeanza kuandika hotuba.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilisimama mapema, hotuba mfukoni. Mama mkwe akanipita na kisu, akampa Lorna. "Kata, mwanangu. Bila hotuba, chakula kinapoa."

Lorna alikata kwa dakika nne. Vipande sawa, safi. Shingo akaigawa mara mbili: nusu yangu, nusu ya Verlin. Tulitafuna tukitazamana. "Tamu, shemeji?" nilimuuliza.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimechunguza ushahidi wote. Ndogo ilikuwa ndogo mno. Kubwa ilikuwa kubwa mno. Mpigaji hana tatizo. Lorna ananisihi nijaribu ile ya ishirini na mbili, ambayo sasa ameinunua. Nimekataa. Ile ina bahati yake tayari.

Katalogi inaonyesha ya ukubwa wa kati, yenye taa nyekundu inayoweka alama mahali risasi itakapokwenda. Na mtutu ukiinama, nitauona unainama. Mashindano yajayo, yenye zawadi ya paja la nguruwe, ni Jumamosi kabla ya Pasaka. Mzee Thurman anafungua Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu.