Meneja wa Maranda

Jumatatu, 7 Julai. Mafinga.
Meneja amekufa. Mbwa wa marehemu Yotamu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na kweli Pasaka iliyopita nilimzika. Yotamu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao. Alimwita mbwa Meneja ili naye apate walau meneja mmoja wa kumfokea. Leo mjane wake, Bertha, kanijia na kanga mdomoni. Kasema tangu msiba mbwa ndiye aliyekuwa akilala mlangoni, na sasa mlango umebaki mtupu. Nikamwambia shemeji, futa machozi, mlangoni atarudi. Maneno yalitoka yenyewe. Mimi niliyekuwa utingo wa lori hadi Lubumbashi nimeona chui mzima kasimama mapokezi ya hoteli, kakaushwa, hata hapumui. Mbwa ni kitu gani?

Jumanne, 8 Julai.
Nimemchuna. Nimelia kidogo, kisha kazi. Ngozi nimeipaka chumvi na shabu isioze. Mwili nimeuzika chini ya mpichi wa Bertha. Jioni ndipo nikakumbuka sikuupima. Si neno. Meneja namjua kama mguu wangu.

Alhamisi, 10 Julai.
Leo kuumba mwili. Waya ndio mifupa, maranda ndiyo nyama, kamba ya katani ya kuyabana. Maranda nimeyafuata kwa Sosthenes seremala. Alikuwa anaranda paini ya jana kutoka msitu wa Sao Hill, bado inatoa maji. Akasema hayo mabichi, mtaalamu, yatanywea. Chukua yale ya kwenye gunia, yamekaa mwaka. Ya kwenye gunia yana vumbi na mavi ya kuku. Meneja wa watu nimjaze taka? Nikamjibu abaki na viti vyake vilivyolemaa. Wateja wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Jumapili, 13 Julai.
Baada ya ibada nimempeleka. Macho ni gololi za kijani, za kahawia hazikupatikana. Kifua nimemjaza kama mbunge. Bertha akamzunguka, akasema Meneja hakuwa mnene hivi. Kisha akakaa chini, akamshika sikio, akaanza kumsimulia bei ya mahindi ilivyoshuka. Nikatoka nje. Moshi uliniingia machoni. Moto haukuwepo.

Ijumaa, 18 Julai.
Nimeitwa. Meneja amepungua. Bertha amemsogeza jikoni apate joto, maana baridi ya mwezi huu si ya mbwa. Mbavu zimeanza kuonekana, na mimi mbavu sikumwekea. Nikasema ni kawaida, ngozi inazoea nyumba. Nikamfumua tumbo, nikamwongezea maranda, mapya kabisa. Sosthenes akapita na baiskeli, akauliza mgonjwa anakula?

Jumanne, 22 Julai.
Kanywea tena. Ngozi inaning'inia, kichwa kimeinama, gololi moja imezama. Bertha hakunilaumu. Heri angenilaumu. Kasema, "Shemeji, mmoja nimemtazama akikonda humu humu ndani, kila asubuhi najidanganya kapata nafuu. Wa pili siwezi."

Akanipa jembe. Tumemrudisha chini ya mpichi, ulipo mwili wake. Sosthenes kaja na kisanduku cha mbao kavu, hakutoa utani hata mmoja, na hilo ndilo lililoniuma. Bertha akamfunika Meneja kwa lile koti la ulinzi la Yotamu. Nikatakiwa niseme neno, kwa kuwa ndimi mwenye mdomo. Nikasema Meneja kaenda kuripoti kazini. Bertha akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Sikujua nishike kipi. Nikashika jembe.

Jumatano, 23 Julai.
Nimepita mlangoni kwa Bertha. Hakuna aliyenibwekea. Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa lile joto la jikoni, na kule kusahau kupima. Mtu mzima hujirekebisha. Paka wa jirani yangu Eveline amezeeka, anakohoa, na Eveline hana mtoto wala mume, ana paka. Siku ikifika atalia, na nani amfute machozi? Kwa hiyo leo, Eveline akiwa kisimani, nimempima yule paka akiwa hai, pua hadi mkia. Kanikwaruza mpaka kwenye kiwiko. Nimejifunga kitambaa, nikaenda zangu kiwandani kuchukua maranda. Ya leo leo. Ukiyakamua, maji yanachuruzika. Yananukia msitu mzima.