Pipi ya Kunata kwa Ajili ya Chae-rin

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefagia ghorofa ya tatu yote bila umbea hata kidogo. Mpaka saa nne! Ndo nikamkuta Chae-rin, mwanafunzi wa maabara ya mwisho, anafuta machozi. Ana dawa yake inachukia maji. Anadondosha tone kwenye maji ya sinia, linatandazika juu, utando mwembamba huuoni. Mashine inachovya kioo, utando unakishika. Tena na tena. Zinatakiwa tabaka ishirini kufikia Ijumaa, la sivyo hahitimu. Na baba yake kashaalika kijiji kizima! Sasa kioo kikipanda utando unashika, kikishuka unabanduka, unarudi majini. Nikamuuliza asubuhi kala nini. Supu ya mwani, kapewa na Ok-bun, mfagiaji wa ghorofa ya pili. Mwani! Unavyoteleza vile, anayeula naye huteleza, hufeli! Mtoto ana mtihani! Mchawi yule.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemshukia Ok-bun. Kanijibu mbele za watu eti jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Chae-rin, na siku hiyo mtu asipokula mwani ale nini, ufagio wangu? Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa hasira. Dawa ninayo: pipi ya kunata, ile tunayobandika getini watoto wakiwa na mitihani, ili nao wanate, wafaulu. Nimeibandika mlango wa maabara. Chae-rin kaiona, katabasamu. Kasema leo kapunguza mwendo wa kioo kushuka, tabaka tisa zimeshika. Mwendo, wapi! Pipi hiyo.

Jumatano, 6 Novemba
Kumi na saba! Kama ya mlangoni imefanya hivi, ya kwenye mashine je? Chae-rin kaenda kula, nikabandika kipande kwenye ule mkono unaoshika kioo, juu ya sinia. Sikujua taa ya pale ina moto. Pipi ikalainika, ikaanza kuning'inia. Nikaidaka. Kidole kikagusa maji. Nilikuwa nimetoka kula kwa mkono wali wa kukunja, wenye mafuta ya ufuta.
Chae-rin karudi, kawasha mashine. Tabaka ya kumi na nane imetoka mabaka mabaka, na za chini zinabanduka nayo. Kakaa sakafuni. Nikamwambia ukweli. Akasema polepole, mama mdogo, mafuta kidogo tu yanausukuma utando wote pembeni. Hakunikaripia. Bora angenitukana.

Ijumaa, 8 Novemba
Profesa Pyo, msimamizi wake, kamwongezea miezi sita, aanze upya. Chae-rin kampigia baba yake simu pale koridoni. Mimi, nisiyepitwa na neno, nikaenda mwisho wa ngazi nisisikie. Nikamkuta Ok-bun kashafika, kaziba masikio. Tukafuta ngazi moja wawili.
Jioni Chae-rin kaniomba, mama mdogo, safari ijayo usiguse kitu, tafadhali. Nimemwapia kwa kaburi la mama yangu. Kidole changu hakigusi tena mashine ile.
Mwezi wa tano, pipi naibandika kwa koleo.